Barua Imepokelewa Korogwe

Katika ukoo wa mume wangu kuna nyumba tatu zilizoko Mbezi, na hakuna hata moja inayoweza kutuma mtoto kuomba chumvi kwa mwenzake. Sisi tuko Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, upande wa bahari. Shemeji yangu Hamza amejenga Mbezi Makabe, ambako unakwenda kwa Barabara ya Morogoro, unashuka Mbezi Mwisho, kisha unatafuta bodaboda ya kukuingiza ndani. Wa tatu ni binamu yao aliyeko kata ya Mbezi wilayani Mkuranga, huko Mkoa wa Pwani, ambaye akisema "kwetu Mbezi" hata kondakta humwangalia mara mbili. Wote watatu ukiwauliza wanakaa wapi, jibu ni neno moja.

Neno hilo moja ndilo lililotuponza. Dar es Salaam jina la mahali lina kichwa na mkia, na anwani iko mkiani. Sinza peke yake haikufikishi popote mpaka useme Mori, Makaburini au Palestina. Mbagala ni hivyo hivyo: Rangi Tatu, Kizuiani, Zakhem. Kongowe ndiyo mbaya zaidi, maana iko ya njia ya Kilwa ukishaipita Mbagala, na iko ya Kibaha njia ya Morogoro, na zote mbili zina watu wanaoapa kwamba yao ndiyo Kongowe yenyewe. Mgeni husema mkia kwa sababu anaogopa kupotea. Mwenyeji mkia humwishia kooni, kwani kwake Mbezi ni ile anayolala yeye.

Zamani madhara yalikuwa madogo. Mtu akitoka mkoani alishuka Ubungo na kupokewa Ubungo, haidhuru nyumba anayokwenda iko Mbezi ipi. Lakini Februari 2021 kilizinduliwa kituo kipya cha mabasi, Magufuli, pale Mbezi Luis, na tangu hapo makondakta wa mabasi ya mikoani wanapiga kelele jina letu. Mgeni anasikia "Mbezi, Mbezi, mwisho wa safari," anashusha mizigo yake na kutazama huku na huku akitafuta geti letu. Lipo, ila akivuka Goba.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Wifi yangu Rehema, kitindamimba wa nyumba, alikuwa anaposwa. Washenga walitarajiwa baada ya swala ya alasiri. Pilau ilikuwa jikoni kwenye sufuria kubwa ya kuazima, na mimi nimejifunga kanga kiunoni, nasimamia vitunguu mpaka viive kahawia, kwa sababu mbele ya mawifi zangu pilau nyeupe ni kashfa inayosimuliwa miaka. Vilivyokuwa havijafika ni vitu vitatu: viti, washenga na Shangazi.

Maelekezo yote aliyatoa mume wangu, Baba Zuhura, kwa simu, kwa sauti ya mtu asiyeulizwa swali. Kwa mwenye viti na maturubai alisema, "Leta Mbezi, kwa Mhando." Kwa mshenga mkuu, mzee mmoja dereva mstaafu wa malori, alisema, "Karibuni Mbezi, mzee wangu, mkikaribia mpige simu." Kwa Shangazi, anayekaa Korogwe mkoani Tanga na ambaye simu yake ni kitochi kisichojua lokesheni wala picha, alisema, "Panda basi la kwanza, shuka Mbezi, sisi tupo hapo hapo."

Nilimwambia aongeze neno Beach.

"Mama Zuhura, nani asiyejua?" akanijibu, akarudi kutafuta soketi ya spika.

Getini kwetu, ieleweke, kuna kibao. Kilipigiliwa 2022, mwaka wa sensa, serikali ilipoendesha ile operesheni ya anwani za makazi nchi nzima. Kina jina la mtaa na namba ya nyumba, na kata yetu ina postikodi yake ya tarakimu tano. Mume wangu ameihifadhi yote kichwani. Huitumia anapojaza fomu za benki. Akiongea na binadamu, husema Mbezi.

Viti vilikuwa vya kwanza kufika, ila si kwetu. Kijana wa kirikuu aliwahi kupeleka viti kwa Mhando wa Makabe wakati wa akika, kwa hiyo aliposikia "Mbezi, kwa Mhando" hakuwa na haja ya kuuliza. Hamza na mkewe walikuwa wameshaondoka kuja kwetu. Nyumbani yupo dada wa kazi na mtoto mdogo. Vijana wakashusha turubai, wakasimamisha nguzo uani, wakapanga viti vya plastiki kwa mistari, wakaondoka kwenda kupeleka vingine kwingine.

Sasa, katika mji huu turubai likisimamishwa ghafla, mchana kweupe, wenye nyumba hawapo na jirani hakuambiwa kuna shughuli, maana yake ni moja. Jirani wa kwanza akaja amejitanda kanga. Wa pili akaja na sufuria na sahani za kuazimisha. Mjumbe akaja na daftari, akavuta meza karibu na geti, akaandika juu ya ukurasa "Rambirambi" na kupiga mstari chini yake. Dada wa kazi, alipoona watu wazima wanamkumbatia na kumwambia ajipe moyo, naye akaamini kwamba mabosi wake wamepata ajali, akaangua kilio cha dhati. Kilio hicho ndicho kilichowatoa waliokuwa bado wanasitasita majumbani mwao.

Mke wa Hamza alikuwa kwenye daladala, wamefika Goba, simu ikalia. Ni jirani yake, sauti imekauka, anataka kujua maiti inafika saa ngapi. Mke wa Hamza hakuuliza maiti ya nani. Alishuka palepale, akamwacha mumewe ndani ya gari na keki mapajani.

Kwa Shangazi mambo yalienda hivi, kama alivyotusimulia mwenyewe baadaye, na kila akisimulia anaongeza.

Alitoka Korogwe alfajiri na kikapu cha machungwa, mfuko wa mchele na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Mchana akashushwa Magufuli. Akatoka nje ya kituo, akaona magorofa, maduka, magari, na hakuona bahari. Yeye anajua nyumba ya mpwa wake iko karibu na bahari. Aliwahi kuletwa kwa gari usiku na akasikia upepo. Akawauliza vijana wa bodaboda bahari iko upande gani.

"Bahari, mama?" mmoja akamjibu. "Hapa sisi maji tunayo ya bomba, na hayo kwa mgao."

Akajaribu kujieleza. Akasema yeye ni mgeni, anatoka Korogwe, wamsaidie afike kwao. Katika maneno yote hayo kondakta mmoja wa daladala alidaka lile alilolijua: Korogwe. Akampakia, kikapu, mchele na jogoo, gari likashika njia ya mjini. Walipita Temboni, wakapita Stop Over, wakapita Kimara Mwisho, ambayo siku hizi mwisho wake uko katikati ya safari. Mbele kidogo kondakta akapiga ubao wa mlango: "Korogwe! Mama wa jogoo, shuka, Korogwe!"

Ndiyo. Kimara ina Korogwe yake. Ni kituo kamili cha Barabara ya Morogoro, na tangu 2016, mwendokasi ulipoanza, jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kituo cha mabasi yale. Shangazi hasomi bila miwani, lakini hilo alilisoma. Aliketi juu ya mfuko wa mchele na kumpigia mpwa wake.

"Niko Korogwe," akasema.

"Bado uko Korogwe, Shangazi?"

"Sikusema bado. Nimesema niko Korogwe. Nimetoka Korogwe alfajiri, nimezungushwa siku nzima, wamenirudisha Korogwe!"

Hapo kitochi kikaisha chaji. Mume wangu alitoka chumbani uso umemshuka, akatangaza kwamba Shangazi amekosa basi, yuko Korogwe, na hata akipata usafiri sasa hivi hafiki kabla ya usiku. Kwao barua ya posa haifunguliwi mpaka shangazi mkubwa awe ameketi mkekani. Akampigia mshenga mkuu kuahirisha. Simu ilikuwa imezimwa. Mzee yule ni wa kizazi kinachoamini kwamba ukienda kuomba mke simu inazimwa, kama msikitini.

Rehema alijifungia chumbani. Mimi nilipunguza moto wa pilau.

Washenga wakati huo walikuwa wameshatoka kwao Magomeni Mikumi ndani ya Noah ya kukodi. (Magomeni Mikumi nako kuna kisa chake: mtoto wetu wa pili, alipoambiwa dada yake baba anaolewa na watu wa Mikumi, aliuliza kama simba watakuja. Shuleni wamefundishwa hifadhi ya Mikumi ya Morogoro, hawajafundishwa Magomeni.) Bwana harusi mtarajiwa alikuwa amewaandalia lokesheni kwenye simu ya mdogo wake. Mshenga mkuu aliikataa. Alisema Mbezi anaijua tangu barabara haijawa na njia nane, akamwambia dereva ashike Morogoro.

Walikuwa na abiria mmoja wa kumpitia njiani, ami yake bwana harusi, anayekaa Kimara. Kituo chake ni Korogwe.

Ami hakuwa tayari. Alikuwa bado anapiga pasi kanzu. Noah ikaegeshwa kivulini, wazee wakashuka kunyoosha miguu, na hapo karibu yao akawa ameketi mama mtu mzima, jogoo pembeni, anawauliza wapita njia Mbezi anakwendaje.

"Mbezi?" akasema mshenga mkuu, mtu mwenye adabu zake. "Shikamoo, dada yangu. Sisi wenyewe tunakwenda Mbezi. Nafasi ipo, ingia upumzike humu kwenye kivuli."

Shangazi akapanda. Watu wakimsikiliza anapofika hapa huuliza kwa nini hakujitaja mara moja, naye hujibu kwamba hakuulizwa. Ukweli ni kwamba alipoona kanzu, kofia za vito na leso nyeupe mpya iliyofungwa fundo juu ya kiti cha mbele, alishaelewa hawa ni watu wa aina gani. Kilichobaki ni kujua wanamposa nani. Akauliza kwa upole. Wakamwambia: binti wa Mhando, mzaliwa wa Tanga, familia nzuri.

"Alaa," akasema Shangazi, akafunga mdomo kwa upande wake na kuufungua kwa upande wao.

Kwa muda wote ami alipokuwa anahangaika na pasi, wale wazee walimweleza abiria wao kila kitu. Kwamba kijana ana duka la vipuri, na nusu ya duka ni mkopo. Kwamba aliwahi kuchumbia mahali pengine na haikufika. Kwamba wamejiandaa kwa mahari kiasi fulani, ila wataanza na kiasi cha chini wakaone upepo. Kaka yake bwana harusi, aliyekuja kutoka Kenya kwa shughuli hiyo, ndiye aliyekuwa mchangamfu kuliko wote. Shangazi akamuuliza anakaa wapi.

"Kariokor," akasema.

"Kariakoo mtaa gani? Msimbazi? Kongo? Mimi pale Narung'ombe nina mtu."

"La, mama, Kariokor ya Nairobi. Pale soko la vyondo na viatu vya ngozi."

Shangazi hakuamini, alidhani kijana anamficha mtaa kwa sababu ana mke huko. Ilibidi mshenga mkuu aingilie. Akaeleza kwamba yote mawili yametoka mahali pamoja, kwa wale wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, waliobebeshwa mizigo ya askari na kufa kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo ya Dar es Salaam iliigeuza Kariakoo na midomo ya Nairobi ikaigeuza Kariokor. Dereva mstaafu anajua mambo. Tatizo lake ni Mbezi tu.

Ami alipotokea hatimaye, kanzu imenyooka, Shangazi akaona ameshasikia vya kutosha.

"Basi," akasema, "mimi ndiye shangazi yake Rehema. Hiyo mahari ya chini muisahau."

Nimesimuliwa na zaidi ya mmoja kwamba ndani ya gari hakuna aliyepumua. Mshenga mkuu aliichukua ile leso kwa mikono miwili na kumkabidhi, barua ndani, pesa ya kufungulia barua ndani, bila hata kutoa hotuba aliyoiandaa wiki nzima. Shangazi akaifungua hapo hapo juu ya kikapu cha machungwa. Ami, ambaye ndiye katibu wa ukoo wao na mtu wa kumbukumbu, akatoa daftari akaandika kwa hati nzuri: "Barua imepokelewa na Shangazi, Korogwe, saa nane na nusu mchana." Akampa asaini. Akapiga picha.

Kisha wote kwa pamoja, wakiongozwa na wawili wanaoijua Mbezi, wakaenda Mbezi Mwisho.

Huko waliulizia nyumba ya Mhando yenye shughuli leo. Wakaelekezwa bila shida yoyote: nendeni Makabe, mtaona turubai. Waliingia uani kwa Hamza na kukuta watu wameinamisha vichwa, mjumbe na daftari lake, na mke wa Hamza, ambaye alikuwa amefika kwa bodaboda muda si mrefu, amesimama juu ya kiti akipiga kelele kwamba hakuna aliyekufa. Wazee wa Magomeni, kwa adabu, walikuwa wameshatoa rambirambi kabla hajamaliza sentensi.

Fedha zile zilirudishwa jioni ile ile kwa kufuata daftari, mtu kwa mtu. Jirani mmoja tu aligoma kupokea, akisema sadaka haigeuzwi njia. Mpaka leo hatujui ni ya nani.

Walifika kwetu magharibi imeingia, kwa njia ya Goba, wakatokea Tangi Bovu: Noah mbele, kirikuu ya viti nyuma, na mke wa Hamza kwenye kirikuu ameketi juu ya turubai. Shangazi alishuka wa kwanza. Mume wangu alimtazama kama anayeona jini.

"Si ulisema uko Korogwe?"

"Nilikuwa Korogwe," akasema, akanipa jogoo nimshike.

Pilau ilikuwa imeshika chini, lakini kwa watu wenye njaa kiasi kile ukoko ulikuwa ndio unaogombewa. Mahari ilikubaliwa haraka mno, maana upande mmoja ulikuwa hauna siri iliyobaki. Tukadhani imekwisha.

Usiku ami akaituma picha ya daftari kwenye kundi la familia mpya, na Rehema, kwa furaha zake, akaisukuma kwenye kundi la ukoo wetu. Kufikia asubuhi simu ya mume wangu ilikuwa na moto. Wajomba na baba wadogo walioko Korogwe, Korogwe ya Tanga, ile ya mkonge na reli na Mto Pangani, wameona kwa macho yao kwamba posa ya binti yao imeletwa Korogwe, imepokelewa Korogwe, saa nane na nusu mchana, na hakuna hata mmoja wao aliyepigiwa hodi. Baba mdogo mkubwa aliuliza barua ilipokelewa kwenye nyumba ya nani. Mwingine alisema saa hiyo yeye alikuwa barazani na hakuona gari. Wa tatu alimtuhumu wa kwanza kwamba ameipokea kimyakimya na kula pesa ya kufungulia.

Mume wangu aliwaandikia maelezo marefu kuhusu Kimara. Hayakumsaidia. Baba mdogo alimjibu kwamba ameishi Korogwe miaka sabini na hajawahi kusikia ina tawi.

Kikao kikakaa, kwa simu, kipaza sauti kimewashwa, na mimi nikisikiliza kutoka jikoni. Hukumu ikatoka: kilichoandikwa kimeandikwa. Kama barua imepokelewa Korogwe, basi ipokelewe Korogwe. Washenga wa Magomeni Mikumi walipanda basi kwenda Tanga na barua ya pili, leso ya pili na pesa nyingine ya kufungulia, wakaketi mkekani mbele ya wazee wale, wakala ubwabwa, wakarudi. Shangazi alikuwa mwenyeji wao, na alisaini tena. Daftari la ami sasa lina mistari miwili inayosema jambo moja, na kwa maoni yangu ni mstari wa kwanza tu wenye thamani, maana ndio uliopandisha mahari.

Mume wangu analaumu kondakta. Shangazi analaumu serikali kwa kuweka Korogwe mbili. Mimi nimechukua simu yake Baba Zuhura na kuandika mwenyewe maelekezo ya harusi, na nimeyapeleka kwa mchapaji wa kadi kabla hajayapunguza. Utakayepata kadi, ukumbi uko Mbezi Beach, Barabara ya Bagamoyo, kituo Tangi Bovu, upande wa baharini, jina la mtaa na namba ya nyumba viko chini ya kadi, tafadhali visome. Ukitoka mkoani utashushwa Magufuli: hapo hujafika, panda gari la kupitia Goba. Na wa Korogwe wote, tuandikieni mapema ni ipi.